Mkeka wa Nadhiri wa Bi Kidawa

Kaeni vizuri, wenye masikio na wenye akili, maana leo kazi ya kuamua nitawaachia nyinyi.

Katika kitongoji cha Miyaani waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Somoe alikuwa na ulimi usiojua kuzunguka. Alichokiona ndicho alichokisema, hata msibani. Sista Tusekile, muuguzi wa zahanati, alikuwa na mikono isiyo na haraka. Na Fundi Ngwale, seremala, alikuwa na jicho linalopima bila futi. Akikutazama mara moja tu, anajua kiti chako kiwe na kimo gani.

Lakini hadithi yenyewe si yao. Ni ya Bi Kidawa na mguu wake wa kushoto.

Miyaani ni mji wa wasusi wa mikeka. Kila siku baada ya sala ya alasiri wanawake hukusanyika kwenye baraza moja ndefu, wakatandika jamvi, wakakaa ukingoni bega kwa bega, miguu ikining'inia, kila mmoja ukili wake, ule utepe anaousuka, ukishuka katikati ya magoti. Hapo ndipo habari za mji hupita. Uchumba huanzia hapo, ugomvi huishia hapo, na asiyefika jamvini siku tatu huulizwa kama yu hai. Bi Kidawa alikaa hapo miaka thelathini, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo.

Kisha akatokwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kilianza kikiwa kama ukucha. Kikawa kama kifuniko cha chupa, kikawa kama kiganja, na kilitoa maji bila kupumzika. Bi Kidawa akafanya kile ambacho msusi wa Miyaani angefanya. Ukindu wa kusukia ukiwa mbichi, si huanikwa? Basi kila asubuhi aliuweka mguu juani, wazi, akifukuza inzi kwa upepeo, akingoja ukauke. Kidonda kilikauka juu kikapasuka chini. Kesho yake akauanika tena.

Jamvini mambo yakabadilika. Aliyekaa kushoto kwake alisogea kidogo, akasema anafuata upepo. Wa kulia akahamia mwisho wa baraza, akasema kule kuna mwanga. Siku moja Bi Kidawa aliinua uso akaona kila upande wake pamebaki nafasi ya watu wawili. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyesema neno. Alikunja ukili wake akaenda nyumbani, na hakurudi.

Miaka miwili alisuka peke yake chumbani. Alisuka mkeka mmoja tu, wa rangi nne, laini kama kitambaa. Maumivu yakimzidi aliuweka chini, akautukana mguu wake matusi yasiyofaa kurudiwa mbele ya watoto, kisha akaendelea. Ulipokamilika, aliwaita wanawake wawili waliokuja kumjulia hali wakasimama mlangoni.

"Shuhudieni," akasema. "Atakayenirudisha jamvini, mkeka huu ni wake. Nimeweka nadhiri."

Wakaitikia haraka, wakaondoka haraka zaidi.

Miaka yote hiyo miwili Bi Somoe alikuwa kwa binti yake, ng'ambo ya mto. Siku aliyorudi alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake, akaingia bila hodi, akasimama katikati ya chumba.

"Kidawa, unanuka."

Bi Kidawa alihisi kama amezabwa kofi. "Ndiyo salamu hiyo, Somoe?"

"Salamu utaipata nikishavuta pumzi. Nani mwingine amekwambia?"

"Hakuna."

"Basi ulizungukwa na pua, hukuzungukwa na marafiki. Na huo mguu umekuwa ukiufanya nini?"

"Nauanika."

"Wewe ni mtu au ni ukindu? Vaa buibui lako, twende zahanati."

"Siendi. Njiani watu watasikia harufu."

"Watasikia na yangu. Nimetoka kwenye basi lenye mbuzi. Inuka!"

Bi Kidawa alilia njia nzima. Alimchukia Somoe hatua kwa hatua, mpaka mlango wa zahanati. Lakini alifika.

Sista Tusekile hakuziba pua. Hilo ndilo Bi Kidawa alilolitazama kabla ya kitu kingine chochote. Muuguzi alivuta kiti karibu, akauliza, "Mama, katika haya yote, kinachokusumbua zaidi ni nini?"

Bi Kidawa alikuwa amejiandaa kuulizwa kidonda kina muda gani. Swali hili hakulitegemea. "Harufu," akasema. "Maumivu nimeyazoea. Harufu ndiyo iliyonitoa kwa watu."

"Basi tutaanza na harufu."

Akakisafisha polepole, akakitia dawa ya kukata harufu. Akapima mapigo ya damu mguuni, akaridhika, ndipo akaufunga kwa bandeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. "Kidonda hiki hakitaki jua, mama. Kinataka kufunikwa, na ukikaa, mguu uwe juu. Usiuache uning'inie."

Miezi mitano alimfunga hivyo, mara mbili kila wiki. Zahanati ilipoishiwa bandeji, alizifua zile za zamani kwa mikono yake, akazikunja upya. Harufu ikaisha. Maji yakapungua. Usingizi ukarudi.

"Kitapona lini?" Bi Kidawa akauliza siku moja.

"Huenda mwakani, mama. Huenda kisifunge kabisa. Sitaki kukudanganya."

Siku hiyo Bi Kidawa aliondoka bila kuaga. Miezi mitano, na jibu ndilo hilo!

Hata hivyo aliipima njia ya barazani kwa macho, akajitia moyo, akaenda. Alikaa ukingoni kama wenzake, miguu chini. Kabla hajamaliza shibiri moja ya ukili, mguu ukajaa, bandeji ikakata nyama, maji yakapenya hadi kwenye kanga. Akarudi nyumbani akichechemea. Alipojaribu tena, wenzake wakamletea kiti, kikamweka mbali, mbele ya wote, kama mgeni rasmi. Wakamletea kigoda cha kuwekea mguu, kikaziba njia ya ukili. Akakipiga teke kwa mguu mzima.

"Mimi si wa kuwekwa pembeni!" akafoka. "Nataka bega langu liguse bega la mtu!"

Fundi Ngwale alikuwa akipita na msumeno begani. Akasimama, akamtazama Bi Kidawa, akaitazama baraza, akaenda zake. Baada ya siku nne alileta ubao mrefu, mwembamba, wa kulazwa ukingoni mwa baraza, wenye miguu miwili mbele na egemeo la mgongo nyuma. Mguu ulilala juu ya mto wa sufi, sawa na kiuno, na kando yake fundi alikuwa ameuchonga mwanya mwembamba.

"Huu mwanya wa nini?" Bi Kidawa akauliza.

"Wa ukili wako, bibi. Upite ushuke chini. Na upana wote hauzidi nyonga zako, kwa hiyo jirani hana kisingizio."

"Nyonga zangu umezipima lini, wewe?"

Baraza nzima ikacheka, na Bi Kidawa naye akacheka. Alasiri hiyo alikaa jamvini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mabega mawili yaligusa mabega yake. Akaanzisha wimbo kama zamani.

Hapo wale mashahidi wawili wakakumbuka nadhiri.

"Ijumaa ulipe," wakasema. "Mkeka ni wa nani?"

Ijumaa Bi Kidawa akaja na mkeka umekunjwa kifuani. Watatu wote walikuwapo.

"Ni wangu," akasema Bi Somoe. "Bila mimi ungekuwa bado unajianika kama dagaa."

"Kusema kila mtu anaweza," akasema Fundi Ngwale. "Alikuja hapa na bandeji yake, akarudi akichechemea. Uliomkalisha ni ubao wangu."

"Ubao wako ungekaliwa na nani, na harufu ile?" akasema Sista Tusekile, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na haraka. "Mimi siutaki mkeka. Lakini akitajwa mwingine kwamba ndiye, basi Jumatatu bandeji aifunge yeye."

"Ukateni vipande vitatu," mwanamke mmoja akasema.

"Mkeka wa nadhiri hukatwa wapi?" wenzake wakamkemea. Desturi ya Miyaani ni hiyo: mtu mmoja, jina moja, mbele ya jamvi.

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Bi Kidawa akapiga ubao kwa kiganja.

"Nyamazeni! Mguu ni wangu, maumivu ni yangu, na mnanigombania kama nimeshapona! Sijapona! Jumatatu namhitaji wa kunifunga. Ubao ukilegea, namhitaji wa kuukaza. Na harufu ikirudi, namhitaji wa kuniambia, maana nyinyi wengine mtanyamaza tena. Nikimtaja mmoja, wawili wananuna. Nisipomtaja yeyote, nimevunja nadhiri yangu. Nani ananionea huruma hapo?"

Jua lilikuwa linashuka, na jamvi lilikuwa karibu kukunjwa. Chini ya bandeji kidonda kilianza kumpwita. Bi Kidawa akaunyanyua mkeka kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akafungua kinywa kutaja jina.

Na wewe unayenisikiliza, ungekuwa umekaa pale ubaoni, mkeka mikononi na mguu bado unauma, ungemtaja nani?