Mashahidi Wawili wa Jumbe Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi ambazo viboko walivaa kanzu na hakuna aliyethubutu kucheka, Jumbe Kiboko alikuwa na hodhi ya kunawia miguu mbele ya baraza yake. Nyuma ya hodhi, katika kishimo chenye mlango wa jani, aliishi Bi Sange na watoto wake wawili. Sange, kama hujamwona, ni mdogo kuliko kandambili, na pua yake utadhani aliazima mkonga wa tembo akasahau kuurudisha.

Kila asubuhi Jumbe alikwenda kulowa mtoni, kwenye maji ya baridi yashukayo mlimani, kisha akaja kunawa. Siku hiyo akatia miguu hodhini, chubwi, akapandisha nyusi asizokuwa nazo.

"Nyati," akamwita askari wake. "Maji haya yamechemshwa."

"Yamechemshwa, Jumbe."

"Umeyagusa?"

"Sijayagusa. Wewe ukisema yanachoma, mimi naungua."

"Ni jiko la huyu Sange linalopasha hodhi yangu. Ahame kabla jua halijafika utosini."

Bi Sange akatoka na unga puani. "Shikamoo, Jumbe. Jiko langu ni kokoto tatu na uji wa vikombe viwili. Litapashaje hodhi ya kukutosha wewe?"

"Miguu yangu imeshuhudia. Mashahidi hawa hawajawahi kusema uongo."

"Wala kupingana?"

"Wamezaliwa siku moja, watapinganaje?"

Bi Sange akarudi ndani. Masika yameanza, watoto wachanga, ahamie wapi? Akaanza kufunga vyombo. Akaepua chungu cha uji kwa mkono wa kulia, kisha akauchovya mtungini, na maji yakamtetemesha. Mkono wa kushoto, uliotoka kuosha kunde kwa maji ya kisimani, ukayaona maji yale yale vuguvugu.

Akasimama. Akabadilisha mikono, huu kwenye joto, ule kwenye baridi, akachovya tena. Na majibu nayo yakabadilishana.

"Kumbe ngozi haina kipimo," akajiambia. "Inalinganisha tu na ilikotoka."

Akatoka na makarai mawili ya maji. "Jumbe, nahama. Ila kwetu mdogo humuaga mkubwa kwa kumwosha miguu."

Kuoshwa? Jumbe alishakaa, kila mguu katika karai lake.

"Mbona huku moto na huku baridi?"

"Wa kushoto umechoka kubeba cheo, unataka joto. Wa kulia una hasira za kupiga watu mateke, tunaupoza. Kila mmoja na dawa yake."

Jumbe akaona kweli kabisa. Bi Sange akasugua, akaimba wimbo mrefu, akaurudia. Kisha akasema, "Sasa suuza hodhini, yote miwili."

Chubwi, chubwi.

"Baridi," akasema Jumbe. "Moto." Akaitazama miguu yake kama watoto waliorudi na barua ya mwalimu. "Yanachoma. Hapana, yanagandisha."

"Maji yapi, Jumbe?"

"Haya haya."

"Nyati, wewe wasemaje?"

Nyati jasho likamtoka. "Jumbe, niambie basi. Niungue upande gani, nitetemeke upande gani?"

"Hodhi moja, mashahidi wa siku moja," akasema Bi Sange kwa upole. "Mmoja ni mwongo. Tumfunge yupi?"

Jumbe akautazama wa kushoto. Akautazama wa kulia. Yote alikuwa akiihitaji.

"Na asubuhi, kabla ya kunawa, miguu ilitoka wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni kukoje?"

"Bari..." Jumbe akakomea hapo. Tumbo likaanza kutikisika, kanzu ikafuata, kicheko kikamtoka hata hodhi ikafurika na maji yakaingia kishimoni. Tssss, jiko likazimika.

"Usihame, Bi Sange. Kosa ni la miguu yangu. Nyati, kampulizie mama moto wake."

Nyati akapiga magoti, akapuliza mpaka masikio yakasimama.

"Umewaka?" Jumbe akauliza. "Nadhani umeshawaka."

Nyati akafungua mdomo kuitikia, akaufunga.

"Subiri, Jumbe," akasema. "Ngoja kwanza niguse."

Hadithi nimeitua hapa, na funzo lake ni hili: kabla hujamhukumu jirani kwa mguu wako, uulize mguu ulikotoka.