Tairi la Spea na Kiti cha Mbele

Sogeeni, lakini kwanza niapieni. Nitakayosema yasitoke hapa, hata kwa mume, hata kwa dada wa tumbo moja. Bi Zuwena aliponihadithia aliniapisha hivyohivyo, nami nikaapa mkono kifuani. Na tazama, chai haijapoa, nimeshaanza kuwaambia ninyi.

Muheza palikuwa na mashangazi watatu wa kijana mmoja, Mbaruku, ambaye wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Mkubwa, Bi Mwanamkasi, alijaliwa kutotupa kitu. Wa kati, Bi Zuwena, alijaliwa vidole: chochote kikipita mkononi mwake kinapata kazi. Mdogo, Bi Chausiku, alijaliwa ulimi. Angeweza kumwendea mtu aliyenuna chumbani na mtu huyo akatoka anacheka.

Mbaruku akawa anaoa Korogwe. Siku ya kupeleka begi la nguo za bibi harusi huko, jambo moja tu liliwakosesha raha: nani atakaa kiti cha mbele, begi mapajani, ashuke wa kwanza apigiwe vigelegele? Bi Mwanamkasi hakujaliwa mtoto. Harusi nyingine ya kukaa mbele hakuwa nayo. Kila akimwona Chausiku anajipaka wanja, roho inamchoma.

Basi gari jipya la Mbaruku likaamka na pancha, na lenyewe halikuja na spea. Mbaruku, jasho likimtiririka, akasema mbele ya wote, "Shangazi atakayeliondoa gari hili hapa, ndiye wa mbele."

Bi Mwanamkasi akaenda nyuma ya banda la kuku, akarudi anabingirisha tairi la spea la gari la marehemu kaka yao. Gari lenyewe liliuzwa chuma chakavu zamani. Tairi alilizuia, ndilo analokalia akipeta mchele. Na kwa kuwa Mbaruku alinunua gari la aina ileile kama la baba yake, matundu yakalingana. Bi Mwanamkasi akashika kiuno, jicho kwa Chausiku.

Lakini nati za gari jipya zikagoma kuibana ringi ile ya kizamani. Ilitaka nati zake za enzi hizo. Bi Zuwena akaingia chumbani, akatoka na mkasi na pazia la dirishani. Akafumua pindo, nati za gari lile la kaka yao zikadondoka mojamoja. Alizishonea humo ili pazia lisipeperuke. "Wengine tunatunza na vidogo," akasema, kwa upole wa kuudhi.

Nati zikakazwa, gari likashushwa, tairi likabonyea. Halina upepo hata kidogo. Mwenye pampu mtaani ni Mzee Shemndolwa, fundi baiskeli, aliyeapa kutoukanyaga ua ule tangu mbuzi wao alipokula mche wake wa mchungwa. Bi Chausiku akamwendea. Alimwambia nini, hakuna ajuaye, nami ningetoa kanga yangu nzuri nijue. Watu walimwona tu mzee anakuja, pampu begani, anatabasamu.

Mbaruku akawatazama wote watatu, akatoa uamuzi wa mwoga: aliyemaliza kazi ndiye aliyeliondoa gari. Begi akapewa Chausiku.

Bi Mwanamkasi akamwambia hongera mdogo wangu, na meno akayaonyesha. Ila kijiba cha roho kilishamkaba. Bila tairi, hizo nati zingebana nini? Upepo ungeingia wapi? Watu walipoingia ndani kusoma dua ya safari, yeye akasingizia anatafuta kiatu.

Dua ikawa fupi. Walipotoka wakamkuta kwenye gurudumu, ndani ya gauni lake la harusi, mguu mmoja umekanyaga mpini wa spana, nati mbili mkononi. Ukoo mzima ukajaa mlangoni, Mzee Shemndolwa akijipenyeza mbele aone vizuri.

"Nachukua changu," akasema Bi Mwanamkasi, mguu bado juu ya spana. "Mtu huitwa mwizi kwa tairi lake?"

"Tairi lako, dada," akajibu Bi Zuwena. "Nati ulizoshika ni zangu."

"Na upepo wangu," akasema Bi Chausiku, begi kalikumbatia, "utautoa uniachie?"

Mbaruku akakaa kitako kizingitini. Korogwe ngoma imeshaanza kupigwa.

Haya, ninyi mlioniapia. Mkono wa Bi Mwanamkasi ulikuwa kwenye mali yake au ya wenzake? Na kiti kile ni cha mwenye tairi, mwenye nati, au mwenye upepo? Ufunguo wa gari ungekuwa wako, ungemfungulia nani mlango wa mbele?