Jirani Aliyetuombea Uwanja

"Asiyekuwepo na lake lipo, mradi ana jirani." Mmeisikia leo kwenye harusi ya Mkamburi, mkakonyezana mkidhani mzee aliyeisema amekosea, kwa kuwa shuleni mlifundishwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Hakukosea. Ile ya shuleni ni ya watu wote. Hii ni yetu sisi wa kijiji hiki cha Kirenge, na mimi ni mmoja wa wale wasiokuwepo.

Ilianza hivi. Uwanja wetu wa mpira zamani ulikuwa mteremko mtupu. Huku milimani ardhi tambarare ni adimu, na ile kidogo tuliyokuwa nayo tuliipanda mahindi. Timu iliyopewa upande wa juu ilifunga mabao kipindi cha kwanza, kisha baada ya mapumziko ikafungwa yayo hayo. Mpira ukitoka, uliviringika hadi bondeni kwenye mashamba ya nduma, na mchezo ukasimama kuungoja. Vijana wetu wakachoka, wakaanza kushinda kwenye vibanda vya pombe. Wazazi tuliumia sana. Tukaamua kuiomba kaunti itusawazishie uwanja.

Lakini kaunti haitoi kitu kwa kunong'onezwa. Kila mwaka kabla ya bajeti huita kikao, na kila kijiji husimama kikaeleza haja yake. Mwaka ule afisa wa mipango alisema wazi kwamba fungu la wadi yetu lingetosha jambo moja tu. Sisi tulitaka uwanja. Majirani zetu wa Mlondo walitaka ukumbi wa mikutano. Kikao kikapangwa kwao.

Asubuhi ya kikao mlima ukaporomoka, udongo ukafunga barabara. Tukabaki upande wa huku tukiukwangua kwa majembe. Kule Mlondo afisa akaita Kirenge, akaita tena, kimya.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," akasema. "Tusonge mbele. Nani anausemea ukumbi?"

Akasimama Mwaluma, kocha wa timu ya Mlondo, aliyeteuliwa na wenzake kuuombea ukumbi. Hakuwa rafiki yetu huyu. Kando ya uwanja tulikuwa tumezozana naye miaka na miaka.

"Bwana afisa, kabla ya ukumbi kuna uwanja wa Kirenge."

"Kwani wewe ni wa Kirenge?"

"La. Mimi ni wa hapa Mlondo."

"Basi unawasemea kwa idhini ya nani?"

"Ya ujirani. Hawakukataa kuja, barabara ndiyo imewakatalia. Na barabara hiyo ni ya kaunti, si yao."

Watu wake wakaguna. Mmoja akamwambia, "Mwaluma, kaa chini. Tulikutuma ukumbi."

"Mmenituma ukumbi, ndugu zangu, na ninautaka. Lakini ukumbi ukichelewa, tutakutana chini ya turubai kama leo. Wale vijana wakipotelea pombeni mwaka mwingine, nani atawarudisha? Mama zao wengi ni mabinti wa hapa. Tena niseme kweli, nimefundisha timu hii hadi nimeota mvi, na sijui kama ni Kirenge wanaotushinda au ni mlima. Nataka nijue kabla sijafa."

Wakacheka bila kupenda. Afisa akaomba mikono. Wa kwanza kuinua alikuwa mke wa Mwaluma, pengine kwa kumwonea huruma tu. Mikono mingine ikafuata polepole, hadi uwanja ukapita.

Tulifika jioni tumejaa matope, tumejiandaa kusihi, tukaambiwa letu limeshaandikwa. Wakesho, mama aliyekuwa kiongozi wetu, alimshika Mwaluma mikono yote miwili. Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia.

Greda ikaja, uwanja ukalala sawa. Mechi ya kwanza Mlondo walitufunga manne kwa bila, na tuliwashangilia. Mwaluma akapata jibu lake.

Mwaka uliofuata kikao kilifanyika huku kwetu. Siku hiyohiyo Mwaluma alikuwa hospitalini akifanyiwa upasuaji, na watu wa Mlondo walikuwa wamekwenda kumtolea damu. Afisa yuleyule akatazama huku na huku.

"Ukumbi wa Mlondo nani anausemea? Wenyewe siwaoni."

Tukasimama Kirenge nzima, wenye mikongojo na wenye watoto mgongoni.

"Tunausemea sisi," Wakesho akajibu.

"Na ile methali yangu, mama?"

"Ni ya kweli, bwana afisa, kwa mtu asiye na jirani. Mwaluma anao."

Namshukuru Mungu kwamba Mwaluma alipona. Siku alipopata nguvu za kutembea tulimsindikiza hadi mahali mafundi walipokuwa wakichimba msingi wa ukumbi. Alisimama akiegemea fimbo, akauliza ni nani aliyekwenda kuwaombea, ilhali wao wote walikuwa hospitalini. Wakesho akamjibu:

"Asiyekuwepo na lake lipo, mradi ana jirani."