Ukoka wa Sultani Haidari

Hapo zamani, masultani walipokuwa na nafasi ya kugombana na majani, alikuwako Sultani Haidari, naye aliupenda ukoka wa bustani yake kuliko alivyowapenda wake zake. Na wake zake walilijua hilo. Basi ikawa kila asubuhi ukoka waonekana una mabaka ya manjano, umeungua kwa mkojo wa mbwa.

Mkosaji alijulikana. Alikuwa Johari, mbwa wa mawindo wa Sultani, aliyelala chumbani mwa bwana wake juu ya mto wa hariri. Lakini mwenye nguvu mpishe, na watumishi walimpisha hata mbwa wake. Waziri akasema, "Ni mbwa wa mjini hao, bwana wangu. Hawana adabu."

"Basi na wauawe wote!" akasema Sultani.

Habari zikamfikia Shamte, fukara mwenye mbuzi wachache na mbwa aitwaye Tumezoea, aliyewalinda mbuzi wale na fisi. Shamte alimpenda mbwa yule, akalia kwanza, kisha akajifuta uso akaenda barazani.

"Bwana wangu, uishi maisha marefu. Niachie mimi nikulindie ukoka. Nikishindwa, anza na mbwa wangu, kisha nami nifuate."

Sultani akacheka. "Vema. Mimi nakwenda mawindoni. Uweke ukoka wangu pasipofika mbwa. Nikirudi nikaona hata tone moja, naapa, mbwa wote wa nchi hii watakufa."

"Pasipofika mbwa ni wapi, bwana wangu?"

"Hapana pengine ila chumbani mwangu."

"Na Johari je?"

"Johari si mbwa!" Sultani akafoka. "Johari ni Johari!"

Waziri akaitikia kwamba ndivyo, hata yeye siku zote alimdhania ni ndugu wa Sultani. Kisha akatamani ardhi immeze.

Sultani alipokwisha kuondoka, Shamte akashika jembe, akaubandua ukoka wote pamoja na udongo wake, akaupeleka chumbani pande kwa pande, watumishi wakipiga mayowe nyuma yake. Akautandaza sakafuni, akautandaza na kitandani, akaunyunyizia maji.

Jioni Sultani akarudi hoi, Waziri na Johari nyuma yake, akafungua mlango, miguu ikazama topeni.

"Nini hii?"

"Ukoka wako, bwana wangu. Nimeuweka ulipopataja mwenyewe."

Kabla Sultani hajapata tusi la kutosha, Johari akapenya katikati ya miguu yake, akanusa, akazunguka, akainua mguu, akakojoa bila haraka yoyote. Wote wakamtazama mpaka akamaliza.

Shamte akapiga magoti. "Bwana wangu, haya ni maajabu. Humu hamkuingia mbwa, na mkojo ndio huu. Tuliomo ni mimi, Waziri na wewe. Mimi sikukojoa."

"Wala mimi!" akasema Waziri, upesi mno.

Macho yote yakamgeukia Sultani. Uso ukamwiva kama pilipili.

"Johari ni mbwa!" akapiga kelele. "Ni mbwa, tena mbwa hasa!"

"Basi, bwana wangu," akasema Shamte polepole, "kiapo kilikuwa mbwa wote."

Sultani akamkumbatia Johari shingoni, machozi yakamtoka mbele za watu.

"Nami wangu ninaye mmoja tu," akasema Shamte.

Sultani akamtazama yule fukara, akamtazama mbwa, akautazama ukoka uliokuwa kitandani, mara kicheko kikamshika, akacheka hata akaketi chini, palepale palipolowa. Kiapo akakitolea kafara, na Shamte akapewa mbuzi wa kumtosha.

"Lakini ukoka wangu utaungua tena," akasema Sultani.

"Hauungui, bwana wangu, ukimwagiwa maji mengi papo hapo. Kazi yake ni kumfuata mbwa na ndoo."

"Nani atamfuata?"

"Mwenye mbwa."

Basi ukoka ukarudishwa bustanini, ukasitawi kuliko kwanza. Na watu wa mji ule wakawa wakiparamia ukuta kila asubuhi kumwangalia Sultani wao, kanzu ameipandisha magotini, akimkimbilia Johari na ndoo ya maji, akilia, "Ngoja! Ngoja kwanza, sijafika!"