Siwema na Unga wa Jirani

— Hadithi iko mlangoni!
— Ikaribishe ndani!
— Ina vumbi miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!

Sogeeni motoni basi. Hapo kale, kule milimani kwenye msitu wa baridi, ambako miti hupukutisha majani yote na kungoja jua lirudi, palikuwa na mtufaha jina lake Siwema. Ng'ambo ya kijito aliishi mtufaha mwenzake, Zamda. Zamda alizaa kila mwaka. Siwema alichanua akapendeza kumshinda, lakini hakuzaa hata tunda moja. Ndege wakamwita tasa, tena kwa sauti.

Mgeni wao alikuwa mmoja, Nyuki. Na msitu ule ulikuwa na desturi: mgeni akishakunywa utamu wa ua, hupakwa unga wa njano mgongoni, aondoke nao. Unga huo ndio uliomtia Siwema wivu.

"Unatoka wapi?" alimuuliza Nyuki.
"Kwa Zamda."
"Unanuka unga wake. Nawa!"

Nyuki akanawa kwa umande, akaingia, akanywa. Ua likadondoka tupu.

Akaja tena.
"Unatoka wapi?"
"Kwa Zamda."
"Huyo huyo? Nawa, na miguu pia!"

Akanawa, akaingia, akanywa. Ua likadondoka tupu.

Akaja tena.
"Unatoka wapi?"
"Si unajua?"
"Nawa mpaka ung'ae! Na leo huvuki tena kijito. Chagua, mimi au yeye!"

Nyuki alikuwa na wadogo zake mzingani, wana njaa, na maua ya Siwema yalikuwa mengi. Akabaki. Siwema moyo ukamtulia, akaimba makusudi ng'ambo wasikie:

*Mgeni wangu, wa peke yangu,
Jirani yangu aone uchungu!*

Akaimba, maua yanadondoka. Akaimba, yanadondoka. Mwisho likabaki ua moja tu kwenye ncha ya tawi. Ng'ambo nako maua ya Zamda yakaanza kudondoka matupu, na Zamda akalia.

Siwema alifurahi. Siwafichi, alifurahi sana. "Leo nawe umejua kuitwa tasa kunavyouma!"

"Dada," Zamda akajibu, "unanikomoa mimi au unajikomoa? Unga wangu mwenyewe haunizalishi. Matunda yangu yote uliyoninunia, yametungwa kwa unga wako. Nyuki aliniletea, nikampokea na vumbi lake. Na wangu nilikutumia kila siku. Uliupeleka wapi?"

Siwema akatazama chini, pale Nyuki alipokuwa akinawa. Ardhi yote ilikuwa ya njano. Miaka yote ile alikuwa akiwamwaga watoto wake mlangoni.

"Nyuki," akasema, "nenda kwa Zamda."

Nyuki akampaka Zamda unga wa Siwema, akarudi amejaa njano hadi kwenye macho. Alipofika kwenye lile ua la mwisho akasimama kutafuta umande, maana alishazoea.

"Usinawe!" Siwema akapiga kelele. "Ingia hivyo hivyo!"

Ua likanyauka, lakini halikudondoka. Chini yake pakavimba kitu kidogo cha kijani, kikakua, kikaiva chekundu. Ndege walipopita, hawakumwita tasa tena.

Hapo ndipo Siwema akasema tunda limefanana naye. Zamda akasema, wapi, wekundu ule ni wa kwao. Wanagombana mpaka leo, na Nyuki anapita katikati akibeba unga wa huyu na wa yule.

Basi enyi wenye wivu, sikieni: mnachokifuta kwa mgeni wenu huenda ndicho alichowaletea. Na wewe mama uliyeguna hapo nyuma, sikukutaja jina.

— Hadithi inaaga!
— Ipakeni unga, iende kwa jirani!