Vigae vya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika jikoni kama sisi, Bi Pimbi alikuwa mfinyanzi. Alikuwa mdogo, mwepesi wa mikono, na mwenye haraka.

Siku ya posa ya binti wa Bwana Ndovu, chungu kipya cha Pimbi kilitelekwa mekoni kimejaa mchuzi. Wageni wakakaa mkao wa kula. Mara, paa! Chungu kikapasuka. Mchuzi, mwaaa! Ukazima moto na kuwalowesha wakwe miguu.

"We Pimbi!" Ndovu alinguruma. "Hiki ni chungu au ganda la yai?"

Wageni walicheka mpaka Fisi akapaliwa. Pimbi aliinamisha uso, akaokota vigae kimoja kimoja kati ya miguu yao.

"Arusi ni mwezi ujao," Ndovu alisema. "Kikipasuka kingine, hama hapa mtoni!"

Pimbi alijifungia nyumbani. Alitaka kuvifukia vile vigae, lakini alikivunja kimoja akakitazama ndani. Udongo mtupu! Mama yake alimfundisha kuuchanganya na unga wa vigae vya zamani, ili chungu kistahimili moto. Yeye aliona kutwanga kunachosha, akaacha. Masikio yalimwaka kwa aibu, ingawa alikuwa peke yake.

Kesho yake akaanza kutwanga. Mikono ikatoka malengelenge, vigae vikabaki vile vile.

Ndovu akapita. "Bado unachezea aibu yako?"

"Shikamoo, Bwana Ndovu. Naona haya hata kukuambia. Eti watu wanasema mguu wako ni mnene tu, lakini laini kama godoro. Hauwezi kuponda kigae."

"Mguu wangu mimi? Hebu sogea!"

Pu! Pu! Pu!

"Hapa bado kuna chenga, bwana."

Pu!

"Lo! Kumbe ni waongo," alisema Pimbi, huku akizoa unga wake.

Siku ya arusi chungu kipya kikatokota, toko-toko-toko. Pimbi alijificha nyuma ya wageni, hathubutu kutazama. Mchuzi ukaiva. Watu wakala, wakashiba.

"Bi Pimbi, hiki umekitia dawa gani?" Ndovu aliuliza.

Pimbi alitazama chini. "Ni kile kilichopasuka, bwana. Nilikifinyanga kivivu. Sasa kimo humu ndani, na aliyenipondea ni wewe."

Ndovu akautazama mguu wake. Wageni wakaangua kicheko. Safari hii Pimbi naye alicheka, masikio bado ya moto.

Ukiharibu kazi, mwanangu, usivifukie vigae vyako. Visage, uvichanganye na kazi ya kesho.