Masweta Madirishani na Kiti cha Kuzunguka

Sogeeni hapa, nyie wenye vyeti. Mimi shule niliikimbia mapema, lakini swali nililobeba limewashinda walimu watatu wazima, na chaki zao mkononi.

Kwenye shule moja huku milimani Usambara, ofisi ya walimu ina mabenchi yanayofinya na kiti kimoja tu cha kuzunguka, chenye sponji na magurudumu. Kila mwalimu anakiota. Watatu kati yao wana vipaji. Madam Tunu hakiamini kifaa chochote. Anachohifadhi, anakihifadhi mara mbili. Mwalimu Shemdoe husoma kila kinachoandikwa kwenye kioo, wakati wenzake wanabonyeza tu kama wanafukuza nzi. Madam Nkya hana habari na mashine. Yeye hutazama chumba.

Sasa, ofisa elimu alishaapa: akikuta tena projekta imelala kabatini na buibui, anaihamishia shule nyingine. Asubuhi ya ugeni wake, Mwalimu Mkuu akatupa chambo. "Atakayeiokoa projekta, kiti cha kuzunguka ni chake."

Somo lilikuwa moyo unavyosukuma damu. Ofisa akakaa nyuma. Flashi yenye video ya somo ikachomekwa kwenye kompyuta: imeliwa na virusi, haifunguki. Na mtandao huko hata upande juu ya tangi la maji huupati. Madam Tunu akatoa simu kwenye pochi. "Video ninayo na humu. Niliipakua nilipokwenda mjini."

Simu ikaungwa kwa waya. Kompyuta ikaichunia, simu ikawa inakula chaji tu. Shemdoe akainama, akasoma, akapitisha kidole kwenye kioo cha simu toka juu kwenda chini, akagusa palipoandikwa kuhamisha mafaili. "Ilikuwa inaomba ruhusa tu, dada." Video ikaingia kwenye kompyuta.

Projekta ikawashwa. Ukutani, weupe mtupu. Jua limejaa madirishani, na pazia shule haina.

"Vueni masweta," Madam Nkya akawaambia watoto.

Masweta ya kijani yakaning'inizwa kwenye madirisha yote. Giza likaingia, na moyo mkubwa kama ng'ombe ukaanza kudunda ukutani. Watoto wakashika vifua vyao kuhakikisha. Ofisa naye akashika chake.

"Projekta ibaki," akasema, akaondoka.

Hapo vita ikaanza ofisini.

"Bila video yangu mngeonyesha nini?" akauliza Tunu. "Nyufa za ukuta?"

"Na bila mimi," akasema Shemdoe, "ungeitazama kwenye simu, nyumbani, na mumeo."

Madam Nkya akacheka. "Endeleeni, wataalamu. Bila masweta ofisa angetazama sura zenu tu."

Mwalimu Mkuu akajikuna kichwa. Mpaka leo kiti anakikalia mwenyewe, eti anakilinda hadi hukumu itoke, na huko kukilinda kunamnenepesha.

Mimi jibu ninalo, ila wasomi hawapewi bure. Wala usiniambie wakae kwa zamu; hilo ni jibu la mtu anayeogopa kununiwa. Kiti kimoja, wadai watatu, na Mwalimu Mkuu anazidi kuzama kwenye sponji. Haya, msimamishe: kiti unampa nani?